Tovuti isiyo na mtunza daftari humtia hasara mwenye hisa

Na Mwandishi Wetu

WENYE hisa wadogo wanaotegemea tovuti za kampuni ili kujua hali ya fedha zao hawana budi kuangalia tarehe kabla ya kuangalia tarakimu. Imekwisha kutokea zaidi ya mara moja kwamba ukurasa mmoja usio na tarehe, au faili moja lililowekwa kabla ya saa yake, unatikisa bei sokoni kwa dakika chache tu, na aliyeuza kwa hofu harudishiwi chochote.

Hasara ya namna hiyo mara nyingi haitokani na ulaghai. Hutokana na kazi ya kila siku ambayo kampuni nyingi huiona ndogo: nani anaweka habari kwenye tovuti, nani anazikagua, zinatoka saa ngapi na zinaondolewa lini. Kazi hiyo hupewa kijana wa kompyuta, au huachiwa fundi wa nje aliyeitengeneza tovuti, wakati taarifa zenyewe ni za idara ya fedha na za katibu wa kampuni. Hapo katikati, pasipo na mwenyewe, ndipo mambo huharibikia.

Wafanyabiashara wa Kariakoo na wa Gikomba wanaujua msemo wa zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tovuti ya kampuni inayomilikiwa na umma ni daftari, nayo yahitaji mtunzaji.

Habari ya 2002 yaporomosha bei 2008

Mfano unaojulikana zaidi ni wa shirika la ndege la United la Marekani. Shirika hilo liliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake tarehe 9 Desemba 2002, na siku iliyofuata gazeti la Chicago Tribune likachapa habari hiyo. Lilitoka katika kinga hiyo Februari 2006 na kuendelea na biashara yake.

Usiku wa manane wa kuamkia Jumapili, 7 Septemba 2008, habari ile ya zamani ilikuwa ingali imehifadhiwa katika tovuti ya South Florida Sun-Sentinel, gazeti la kampuni moja na Chicago Tribune. Kwa maelezo ya wenye gazeti, kusomwa mara moja tu, katika saa ambazo wasomaji ni wachache, kulitosha kuiingiza katika orodha ya habari za biashara zinazosomwa zaidi.

Mtambo wa Google unaozunguka kwenye kurasa za dunia ukakuta kiungo ambacho haukukiona awali, ukakichukua kama habari mpya. Ukurasa wenyewe haukuonyesha popote kwamba habari ilikuwa ya 2002. Tarehe pekee iliyokuwepo juu ya ukurasa ilikuwa ya siku hiyo, ambayo tovuti huiweka yenyewe.

Jumatatu tarehe 8, mfanyakazi wa kampuni ndogo ya taarifa za uwekezaji aliiona habari hiyo akaipeleka kwenye huduma ya Bloomberg, ambayo husomwa na madalali wengi duniani. Katika dakika chache hisa za United zilizokuwa zikiuzwa kwa takriban dola 12 zikaporomoka hadi dola 3. Soko la Nasdaq likasimamisha mauzo. Shirika likakanusha, mauzo yakaanza tena, na hadi jioni bei ilikuwa imerudi dola 10.92, pungufu kwa asilimia 11 hivi kulinganisha na siku ya soko iliyotangulia.

Nasdaq ilisema mauzo yote yaliyofanyika yatabaki kama yalivyo. Hesabu yake ni rahisi. Mwenye hisa 1,000 aliyetulia alimaliza siku akiwa na mali ya dola 10,920. Aliyeuza kwa dola 3 alitoka na dola 3,000. Tofauti ya dola 7,920 ilikwenda kwa aliyenunua kutoka kwake. Kampuni haikuwa imefanya jambo lolote siku hiyo. Tribune na Google walirushiana lawama, lakini lawama hazikurudisha fedha ya mtu.

La kusikitisha ni kwamba onyo lilikuwa limekwisha kutolewa. Agosti 2008, mwezi mmoja tu kabla ya mkasa huo, Tume ya Masoko ya Mitaji ya Marekani, SEC, ilitoa mwongozo juu ya matumizi ya tovuti za kampuni. Pamoja na mengine, ulisema kuwa pale ambapo msomaji anaweza kuchanganya taarifa ya zamani na mpya, ile ya zamani itambulishwe wazi kuwa ni ya zamani, iwekewe tarehe yake na itengwe mahali pake. Mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya kampuni zinazouza hisa, lakini gazeti la Florida lingeufuata, huenda mauzo ya Jumatatu ile yasingetokea.

Faili latoka kabla ya saa

Ugonjwa wa pili ni kinyume cha huo wa kwanza. Habari ni mpya na ni ya kweli, ila imetoka kabla ya wakati wake na kuwafikia wachache.

Tarehe 28 Aprili 2015 kampuni ya Twitter ilipanga kutangaza hesabu za robo ya kwanza ya mwaka baada ya soko la New York kufungwa saa 10 jioni. Saa 9 na dakika 7 alasiri, karibu saa nzima kabla, kampuni ya Selerity, ambayo programu zake hupekua kurasa za wawekezaji zikitafuta tarakimu mpya, ilizikuta hesabu hizo kwenye ukurasa wa wawekezaji wa Twitter na kuzitangaza. Mapato yalikuwa dola milioni 436, chini ya matarajio ya soko. Bei ikaanza kushuka, mauzo yakasimamishwa kwa muda, na siku ikaisha hisa zikiwa zimepungua thamani kwa asilimia 18.

Ukurasa ule haukuwa ukiendeshwa na Twitter yenyewe. Uliendeshwa na Shareholder.com, kampuni iliyokuwa chini ya Nasdaq, kwa mkataba. Kweli, hesabu zile zingeshusha bei hata kama zingetoka kwa wakati. Tofauti ni kwamba zingewafikia watu wote kwa saa moja. Zilipotoka mapema, aliyekuwa na mashine ya kupekua aliuza kwanza, na aliyekuwa dukani akihudumia wateja alikuta bei imekwisha kushuka.

Tukio la karibuni zaidi ni la Uingereza, tarehe 26 Novemba 2025, siku ya bajeti. Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti, OBR, ambayo tangu 2010 hutoa makadirio huru ya uchumi wa nchi hiyo, ilikuwa na waraka uliotakiwa kutolewa baada ya Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, kumaliza hotuba yake bungeni. Kabla hajaanza kuzungumza, shirika la habari la Reuters lilikuwa limekwisha kuupata na kutangaza yaliyomo. Thamani ya pauni na bei za dhamana za serikali zikayumba.

Uchunguzi uliotolewa 1 Desemba 2025 ulieleza kuwa hapakuwa na uvamizi wa wahalifu. Waraka ulikuwa umepakiwa mapema kwenye tovuti ili uwe tayari, na wahusika waliamini kuwa umefichwa. Lakini anwani yake ilifuata mtindo ule ule wa waraka uliotangulia, kikibadilika jina la mwezi tu. Aliyekisia anwani aliupata bila kuulizwa neno la siri. Kati ya saa 5:35 asubuhi na saa 6:07 mchana, kwa saa za London, ulifunguliwa mara 43. Ilibainika pia kwamba hata waraka wa Machi 2025 ulikuwa umefunguliwa kabla ya wakati wake. Mwenyekiti wa ofisi hiyo, Richard Hughes, alijiuzulu siku ile ile.

Rasimu siyo siri

Kwa mfanyabiashara asiye fundi wa kompyuta, inafaa kueleza jinsi mambo hayo yanavyowezekana.

Tovuti nyingi za leo huendeshwa kwa mfumo wa kusimamia maudhui. Mfumo unaotumika zaidi duniani ni WordPress, uliotolewa kwa mara ya kwanza Mei 2003, na ndio uliotumiwa na OBR. Mhusika huingia kwa jina na neno lake la siri, huandika habari, huipakia picha au faili, kisha hubonyeza kitufe cha kuchapisha. Kabla ya kubonyeza, habari hukaa kama rasimu ambayo msomaji wa nje haioni.

Tatizo ni kwamba ukurasa na faili ni vitu viwili. Ukurasa ukiwa rasimu umefichwa. Faili la hesabu lililopakiwa ili liambatane na ukurasa huo, kwa utaratibu wa kawaida wa WordPress, huingia moja kwa moja katika folda ya wazi iliyopangwa kwa mwaka na mwezi. Hakuna kiungo kinacholielekea, lakini mlango haujafungwa. Kama kampuni imezoea kuyapa mafaili yake majina ya mtindo mmoja, kwa mfano hesabu-2024 halafu hesabu-2025, mtu yeyote mwenye subira anaweza kujaribu jina la mwaka ujao na kubahatika.

Jambo jingine ni madaraka. Mfumo wenyewe umetenga ngazi za watumiaji. Mchangiaji anaweza kuandika lakini hawezi kuchapisha wala kupakia faili. Mwandishi anaweza kuchapisha kazi zake mwenyewe. Mhariri anaweza kuchapisha na kurekebisha za wote. Msimamizi mkuu anaweza kubadili kila kitu. Kampuni inayowapa watu wote cheo cha msimamizi mkuu, tena kwa neno la siri moja wanalolitumia pamoja, haiwezi kujua baadaye nani aliweka nini.

Saa nayo ni mtego. Mfumo huruhusu habari kupangiwa muda wa kutoka. Lakini tovuti ambayo haijarekebishwa mipangilio yake hufuata saa za kimataifa, zilizo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Tangazo lililopangwa kutoka saa 4 asubuhi litatoka saa 7 mchana, wakati barua pepe ya kampuni kwa wachache imekwisha kufika tangu asubuhi.

Mwisho kuna nakala za akiba. Ili kurasa zifunguke upesi, seva na simu huhifadhi nakala kwa muda. Kampuni ikisahihisha faili na kulirudisha kwa jina lile lile, wapo watakaoona jipya na wapo watakaoendelea kuona la zamani, na wote wataapa kuwa wameona kwa macho yao.

Dar es Salaam na Nairobi

Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, lilipoanza mauzo 15 Aprili 1998 kwa hisa za TOL, mwenye hisa alipata habari gazetini, kwa dalali wake au kwa barua ya posta. Tangazo la gazetini lilikuwa na sifa tatu ambazo hakuna aliyezifikiria sana: lilikuwa na tarehe juu ya ukurasa, halikuweza kubadilishwa likishachapwa, na wasomaji wote walilipata siku moja. Tovuti haina hata moja kati ya hizo mpaka mtu aiwekee.

Wakati huo huo idadi ya wenye hisa wadogo imeongezeka. Hisa za Safaricom zilizouzwa kwa shilingi 5 za Kenya na kuingia soko la Nairobi Juni 2008 ziliwavutia mamia ya maelfu ya wananchi. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa shilingi 850 na kuingia DSE Agosti mwaka huo. Leo mwananchi anaweza kuagiza hisa kwa simu, kwa mpango wa DSE wa Hisa Kiganjani. Wengi wa hawa hawana dalali wa kumpigia kila asubuhi. Wanasoma wenyewe, simu mkononi, kati ya mteja na mteja.

Taarifa za gawio ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Tangazo la gawio lina mambo matatu: kiasi kwa kila hisa, tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, na tarehe ya malipo. Ambaye jina lake halimo daftarini siku ya kufunga hapati kitu, hata kama amenunua hisa kesho yake. Na kwa kuwa makabidhiano ya hisa baada ya mauzo huchukua siku kadhaa za kazi, kununua siku ya mwisho ni kuchelewa.

Chukua mfano wa mtu aliyeona kwenye tovuti tangazo la gawio la shilingi 40 lisilotaja mwaka, akanunua hisa 2,000 kwa shilingi 500. Ametoa shilingi milioni 1, mbali na ada za dalali na soko. Anatarajia shilingi 80,000, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5 inayotozwa kwenye gawio la kampuni zilizoorodheshwa DSE, shilingi 76,000. Kama tangazo lilikuwa la mwaka uliopita, hapati gawio hilo. Na kama daftari la mwaka huu limefungwa juzi, amenunua wakati bei ya kawaida huteremka kwa kuwa gawio limekwisha kutoka ndani ya hisa. Hakuna aliyemdanganya. Ukurasa tu haukuwa na mwaka.

Nchini Kenya, kampuni iliyoorodheshwa inayotarajia faida yake kupungua kwa asilimia 25 au zaidi kulinganisha na mwaka uliotangulia hutakiwa kutoa onyo kwa umma. Onyo kama hilo likikaa siku mbili kwenye kompyuta ya ofisi likisubiri mtu wa tovuti arudi kutoka likizo, tofauti kati ya anayelijua na asiyelijua ni fedha taslimu.

Daftari liwe na mwenyewe

Dawa ya haya haihitaji mitambo mipya. Kampuni inahitaji utaratibu ulioandikwa, wenye majina ya watu.

Katibu wa kampuni au mkuu wa fedha ndiye anayepaswa kuidhinisha kila taarifa inayogusa bei ya hisa. Anayepakia awe mtu mwingine, na anayekagua baada ya kupakia awe wa tatu, akifungua ukurasa kwa simu ya kawaida kama msomaji wa nje. Kila mmoja awe na jina na neno lake la siri. Anayeacha kazi afungiwe siku hiyo hiyo.

Faili la hesabu lisipakiwe kabla ya saa yake, hata kwa nia ya kujiandaa. Likilazimika kuwekwa mapema, liwe mahali panapodai neno la siri, na jina lake liwe na herufi na tarakimu zisizokisika. Taarifa ipelekwe kwanza kwa soko la hisa na kwa mamlaka inayosimamia mitaji, kisha itoke kwenye tovuti kwa saa iliyokubaliwa, saa za Afrika Mashariki.

Kila ukurasa uwe na tarehe ya kutolewa, ikiwa na mwaka, ndani ya maandishi yenyewe na siyo juu yake. Za zamani zisifutwe, kwani mwenye hisa ana haki ya kulinganisha miaka. Zihamishiwe sehemu ya kumbukumbu yenye kichwa kinachosema hivyo. Faili likisahihishwa, lipewe jina jipya na mstari mmoja unaoeleza nini kimebadilika na lini. Mkataba na fundi wa nje utaje nani anawajibika faili likitoka mapema, kwani wanahisa hawatamtafuta fundi, watamtafuta mwenyekiti.

Mwenye hisa afanye nini

Mwenye hisa mdogo naye ana sehemu yake. Akiona habari nzito, atafute tarehe mara mbili: kwenye ukurasa na ndani ya waraka wenyewe, kwa kawaida karibu na saini. Halafu alinganishe na matangazo ya kampuni yanayowekwa na soko lenyewe, DSE au NSE. Habari ya kufilisika au ya gawio nono iliyo sehemu moja tu, na ambayo soko halina nakala yake, haitoshi kumfanya mtu auze au anunue.

Aweke nakala ya tangazo alilolitegemea, ikionyesha siku na saa aliyolisoma. Kukitokea mgogoro, hiyo ndiyo risiti yake. Na kabla hajapokea gawio au kupiga kura mkutanoni, aulize swali moja ambalo ni nadra kusikika katika mikutano ya wanahisa: nani, kwa jina na cheo, anashika funguo za tovuti ya kampuni yetu? Bodi isiyo na jibu la haraka imekwisha kujibu.